Msumari Mtupu

Chumba cha fundi kilikuwa chembamba hivi kwamba mteja akishaingia hawezi kugeuka. Hutoka kinyumenyume, kama anayemuaga mfalme. Anayebisha na abishe, ila wapo waliojigonga visogo pale mlangoni na makovu wanayo.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mkono mwepesi, subira kama ya jiwe. Miaka sita alishona humo, na miaka sita biashara ilidumaa pale pale: cherehani moja, misumari mitano ya kutundikia nguo, wateja wa kubana suruali na kubadilisha zipu. Nyuma ya ukuta aliishi mama yake, miguu haifanyi kazi, mdomo unafanya kwa niaba yake.

"Bomoa ukuta uje unishonee huku kitandani," mama alimtania kutoka upande wa pili. "Tutabanana vizuri."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mshona magodoro, mtaa mzima ulimwita Godoro. Alianza na kibanda cha mlango mmoja; sasa duka lake lilikuwa refu hata ukimwita kutoka mlangoni unaweza kumaliza chai ukingoja aitike. Asubuhi moja alileta shati.

"Dada fundi, nipanulie mfuko huu. Uwe na kina, na ndani uweke kitambaa laini."

"Unabeba nini, kaka? Yai?"

Godoro hakucheka. Alitazama kuta. "Biashara yako inakosa hewa. Ukitaka ikue, itengenezee mazingira. Acha msumari mmoja mtupu siku zote, ijue kuna nafasi. Mlango wa ndani, ule wa kwenda kwa mama, usiufunge. Na humu usitamke neno 'inatosha'. Likiingia sikioni mwake, imedumaa."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu," alisema Godoro, akajishika kifuani, akatoka kinyumenyume.

Fundi alicheka peke yake, lakini msumari wa tano akauacha mtupu. Asubuhi ya tatu, msumari mtupu ulikuwa wa sita. Akahesabu tena. Akaugusa: wa baridi, hauna kutu. Wiki iliyofuata ulikuwa wa tisa, na ukuta wa nyuma ulikuwa umesogea hatua mbili, rangi ile ile, ufa ule ule uliofanana na mjusi. Hakukuwa na vumbi wala tofali lililoanguka. Palikuwa na joto tu, kama la kitu kinachopumua karibu.

Wateja nao wakaja. Wakaweza kugeuka, kisha kukaa, kisha kukaa na wenzao. Fundi akaongeza cherehani tatu na kuajiri washonaji. Kichwa kilimuuma kwa furaha. Kila alipoingia kumwona mama alijikuta anainama mlangoni, akalaumu mgongo. Kazi ya kushona humpinda mtu.

"Umenenepa wewe!" mama alimpokea. "Unajaa chumba kizima. Sasa nishonee gauni, tusherehekee huo unene."

Fundi akampima, bega hadi kifundo cha mguu. Inchi arobaini na saba. Daftari lake la zamani lilisema hamsini na mbili.

Sasa hapa ndipo ufundi ulipomponza. Fundi yeyote anajua kwamba tepu iliyozeeka hulegea, na tepu iliyolegea hutoa vipimo vidogo. Basi hakumtazama mama. Alitazama tepu, akaitupa, akanunua mpya. Wiki mbili baadaye tepu mpya ikasema arobaini.

"Wananiuzia takataka," akanung'unika, akaenda kuijaribu kwenye meza ya kukatia, ambayo seremala aliitengeneza inchi sitini kamili.

Sitini kamili.

Alirudi mlangoni kwa mama, na safari hii akaangalia. Kitanda kilikuwa kama benchi. Dirisha lilikuwa kama daftari lililofunguliwa. Katikati alikaa mama, amelingana na kila kitu chake, anakunywa chai kwenye kikombe cha kuchezea.

Alivuka barabara mbio.

"Kaka Godoro, mkeo yuko wapi? Siku hizi hatumwoni."

Godoro alifungua kifungo cha mfuko. Ndani, juu ya kitambaa laini alichokishona fundi mwenyewe, kitu kisichozidi kidole kiligeuka upande wa pili, kikaendelea kulala.

"Nilisema nimalize agizo la hoteli kwanza," alisema Godoro taratibu. "Likaja jingine."

Fundi alirudi dukani akiwa amedhamiria. Mezani palikuwa na vitambaa vya sare mia tatu za shule, agizo kubwa kuliko yote maishani mwake. Washonaji wanaimba. Misumari thelathini na moja. Akafungua mdomo, na yaliyotoka ni haya: "Tumalize sare kwanza."

Siku nne alisema hivyo. Siku ya tano alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi kupeleka sikio mlangoni kwa mama.

"Mama, umekula?" alinong'ona.

"Mwanangu," ikajibu sauti nyembamba kama uzi, "mbona siku hizi unanifokea? Nimekukosea nini?"

Fundi aliinuka. Alichukua gauni la mama, lile la inchi arobaini ambalo hakuwahi kulimalizia, akalitundika kwenye msumari mtupu.

"Inatosha," alisema. Cherehani zikasimama. "Inatosha! Nimesema inatosha!"

Ukuta ulitoa pumzi ndefu, yenye harufu ya godoro jipya. Ule ufa wa mjusi ulitikisa mkia. Washonaji walitoka bila kuulizia mishahara.

Vitambaa vya shule alivirudisha, na maneno aliyoambiwa hayaandikiki. Ukuta nao ulianza kurudi, lakini bila haraka yoyote. Fundi alishona gauni jingine, dogo, akaliachia pindo pana kama la nguo ya mtoto anayekua, na kila asubuhi alilala kifudifudi na tepu yake.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa, mama."

"Jana?"

"Kumi na tisa kasoro robo."

"Na wewe umekonda," mama alisema, ameridhika. "Ulikuwa umezidi."

Siku wateja walipoanza tena kutoka kinyumenyume, Godoro alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia, mkono kifuani.

"Dada fundi, nataka gauni. Dogo."

"Duka umelifunga?"

"Bado. Kuna agizo moja tu..." Mfuko ulikuwa ukitikisika.

Fundi alichukua tepu. "Pindo niache la ukubwa gani?"

Kabla Godoro hajajibu, sauti ilitoka mfukoni, ndogo, kavu, ya mtu aliyekwisha kuchoka kungoja.

"Usiache pindo," ilisema. "Huyu namfahamu."