Mkunga Aliyefichwa kwa Assia

Ilikuwa mwaka 1995, siku ya tatu ya ville morte, mgomo wa kusimamisha kila kitu mjini. Vijana walikuwa wameufunga mji kwa mawe na magogo, na kila apitaye aliulizwa kabila lake. Concilie alikuwa amejificha kwenye stoo ya jirani yake Assia, mtaani Cibitoke, kati ya magunia ya makaa na matairi ya zamani. Watu wa kabila lake walikuwa wanauawa. Mumewe, Sylvère, alikwenda kazini mtaa wa Mutanga Nord siku ya Jumatatu na hakurudi.

Concilie alikuwa mkunga, mama wa kanisani asiyekosa sala ya asubuhi. Mle stooni sala ilimkauka mdomoni.

"Mungu anasikia, dada," Assia alimwambia akimpa chai.

"Mi naona amenyamaza."

Mchana ule akasikia mwanamke analia nyuma ya ukuta. Hakikuwa kilio cha msiba.

"Ni Amélie," Assia akasema. "Mimba ya kwanza. Anaumwa tangu jana, na njia ya hospitali imefungwa."

"Acha niende."

"Apana. Kaka yake Libère ndiye mukubwa wa vijana wa barabarani. Akikuona, batakuua, na sisi pamoja nawe."

Concilie akaziba masikio. Kilio kikapenya vidole. Mwishowe akasimama. "Wakinikuta, nitasema nilijificha uani kwako bila we kujua."

Akapenya kwenye upenyo wa ua wa mabati mpaka chumbani kwa Amélie.

Mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Concilie akapiga magoti sakafuni, na katikati ya kazi akajikuta anasema kwa sauti ya chini, "Bwana, shika mikono yangu. Shika." Hakuomba kingine chochote. Mtoto alitoka bila pumzi, mwili umegeuka rangi. Akampulizia mdomoni, akampulizia tena, mpaka akalia.

Hapo Libère akaingia, panga mkononi.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye amenizalisha," Amélie akajibu kwa taabu. "Bila yeye ungenikuta maiti."

Libère alishusha panga, akageukia ukutani.

"Rudi ulikotoka. Mi sikukuona."

Mlango wa stoo ukafungwa tena. Risasi zilikuwa zinalia upande wa mtaa wa Ngagara, joto la mle ndani ni lilelile, na hakuna aliyejua Libère atanyamaza mpaka lini.

"Unaogopa?" Assia akamwuliza.

"Naogopa. Lakini pale sikuwa peke yangu, Assia. Na hapa pia siko peke yangu."

Jumamosi njia ilifunguliwa kwa saa chache. Assia akamvisha mtandio wake ili asitambulike, akatembea naye mpaka parokiani, ambako mamia ya wakimbizi walikuwa wamelala kwenye mabenchi ya kanisa. Hakuna aliyekuwa amemwona Sylvère. Concilie akaandikisha jina la mumewe kwa padri, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akauliza kama mle ndani kuna wajawazito, na sabuni itapatikana wapi.