Michirizi Mgongoni mwa Twalha

Twalha alirefuka kwa pupa. Ramadhani kanzu yake ilimfika vifundoni. Maulidi yalipokaribia ilikuwa imepanda hadi katikati ya muundi, na vijana wenzake wa Dunda wakawa wanamuuliza anavua pweza wapi.

Alasiri moja mama yake, Mwanajuma, akamwambia avue shati ampime upya. Akamgeuza, na futi kamba ikamponyoka mkononi.

"Nani kakuchapa?"

"Mimi? Hakuna, mama."

"Mistari sita mgongoni, rangi ya zambarau, imelala kama ya bakora, unaniambia hakuna?"

Twalha akapeleka mkono nyuma. Mgongo wake mwenyewe, na hajawahi kuuona! Alipapasa, hapakuuma, ngozi laini tu. Alichanganyikiwa kabisa. Mtu atachapwaje asijue?

Baba yake, Msabaha, aliporudi kutoka dukani kwake Mapinga, aliutazama mgongo ule na wala hakuuliza.

"Maalimu," alisema.

Alimkusudia Maalimu Abdulazizi, mzee wa chuo cha Kurani mtaa wa pili, ambaye Twalha alimpenda kuliko walimu wake wote wa skuli. Ndiye aliyemchagua asome Maulidini mbele ya watu.

"Hakunipiga, baba. Wallahi."

"Kule hukanyagi tena. Na yeye leo nampeleka polisi."

Kadiri Twalha alivyokana ndivyo walivyozidi kumhurumia, wakidhani anamwogopa mzee. Huruma ya wazazi ikishapanda kichwani haisikii hata la mwenye mgongo. Njiani, baba amemshika mkono kama kitoto cha chekechea, Twalha alianza kujishuku. Labda alichapwa usingizini. Labda shetani. Labda Maalimu kweli alimpiga na yeye amesahau. Aliona aibu kwa wazo hilo, lakini halikumtoka.

Nyuma yao Mwanajuma alikuwa amempitia shoga yake Bi Jasmin, mpambaji wa maharusi, aje awe shahidi.

Walimkuta Maalimu barazani, wanafunzi wameshaondoka.

"Shikamoo, Maalimu," alisema Twalha.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Msabaha hakuamkia. Alimvua mwanawe shati pale pale. "Tazama kazi yako!"

Mzee alitazama, midomo ikamcheza. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Twalha alimkazia macho akimwomba kimoyomoyo akatae. Kwa nini hakatai?

Aliyesema ni Bi Jasmin. Alipitisha vidole mgongoni, taratibu, kama anavyomsinga mwari, kisha akacheka.

"Fimbo gani? Alama ya fimbo hunyanyuka, hii imezama. Hii michirizi, jamani! Mtoto karefuka mbio, ngozi haikuwahi."

"Michirizi ni ya wanawake," alisema Msabaha.

"Nani kaiambia ngozi hivyo? Nimewasinga wari hawajazaa hata panya, wanayo mapajani. Itafifia yenyewe."

Mwanajuma alijishika kifua. Yeye mwenyewe alikuwa nayo tangu alipovunja ungo, lakini kwa mtoto wa kiume hata haikumpitia akilini. "Tumemdhulumu mzee wa watu," alisema. "Maalimu, tuwie radhi."

Twalha alivaa shati, moyo mweupe. Maulidini atasoma. Akamgeukia baba yake ili waondoke, lakini Msabaha alibaki palepale.

"Zinafanana," alisema baba. "Nilijua ni zile zile."

"Zipi, baba?"

Maalimu alikuwa amesimama kwa shida, ameshika nguzo.

"Mtoto huyu sijamgusa, na bakora niliitupa zamani," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu ulipofika mlangoni nilidhani umekuja kwa ajili ya mistari yako, ya ulipokuwa mwanafunzi wangu, Msabaha."

"Naam, Maalimu," aliitika baba, na Twalha hakuitambua sauti ile. Ilikuwa ndogo. Mtu mzima, mwenye duka na ndevu, alisimama miguu pamoja, mikono imefumbatwa mbele.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mzee.



"Nilikosa nini siku ile uliponichapa, Maalimu?" aliuliza Msabaha. "Sikuambiwa. Miaka yote hii najiuliza nilikosa nini."

Mzee alifikiri, akafikiri tena, machozi yakamtoka.

"Sikumbuki," alisema.