Kitabu cha Bibi Mazoon

Bi Balqis alikuwa na kitabu ambacho hajapata kukifungua maishani mwake. Kilikuwa kimeshonewa ndani ya kitambaa cha kijani, na chini ya kijani palikuwa na chengine cheusi, kwani kila kitambaa kilipochakaa mwenyewe wa wakati huo alishonea kipya juu yake. Alikabidhiwa na bibi yake, Mazoon, Unguja, wiki aliyoolewa. Bibi Mazoon alimwambia ni kitabu cha dua, alichotengenezewa bibi mmoja mkubwa wa watu, zamani sana, na baraka yake imo humo humo ndani, haina haja ya kufunguliwa.

Mwaka 1964, walipokimbia mapinduzi, Bi Balqis aliacha vitanda, makabati na vyombo vyote vya harusi yake. Alitoka na kitabu kimefungwa tumboni, chini ya buibui.

Nyumbani kwao Ibra, Omani, kila mtu alikijua. Mwenye safari alikigusa kabla ya kutoka. Mtoto akishikwa na homa, aliwekewa kifuani. Thuraya, binti yake, alipokuwa mdogo aliugua hata watu wakaanza kunong'ona mlangoni, na mama yake hakumwondolea kitabu kile mpaka alipofumbua macho akaomba maji. Sasa Thuraya alikuwa mfamasia Nizwa, mtu mzima mwenye miwani, na bado kila akija kumwona mama yake alikibusu.

Siku moja alipokibusu, vumbi laini lilibaki mdomoni. Akakitazama vizuri. Wadudu walikuwa wameshatoboa kitambaa.

"Mama, hiki kitaliwa chote," alisema. "Niruhusu nivue hivi vitambaa, nikishonee chengine."

Bi Balqis alisita. Kisha akaenda kutia udhu, akamwambia na bintiye atie, wakakaa juu ya zulia na mkasi.

Kitambaa cha kijani kilitoka. Cheusi kilitoka. Chini yake palikuwa na hariri nyekundu iliyooza, ikakatikia mkononi kama majani makavu. Kisha kikatokea kitabu chenyewe, kidogo, kinene, jalada la ngozi ya kahawia. Thuraya alikishika kwa namna ya kufungua msahafu, na ukurasa wa kwanza ukawa juu chini.

"Kigeuze," mama yake alisema.

Alikigeuza. Herufi zilikuwa nyeusi, nyembamba, zimebanana na kusimama kama miiba, na hazikuwa za Kiarabu. Pembeni mwake yalizunguka majani ya dhahabu, maua ya buluu, ndege, na konokono mwenye kichwa cha mtu. Dhahabu ilikuwa bado inang'aa utadhani imepakwa jana. Akafunua tena. Alikuwapo mwanamke aliyevaa joho jekundu, amepiga magoti, mbele yake kitabu kimefunguliwa. Mbele ya mwanamke yule alikaa mwanamke mwengine, wa joho la buluu, amempakata mtoto.

Bi Balqis alivua miwani, akaivaa tena.

"Hiki sicho," alisema.

"Mama, ndicho. Tumekivua sisi wenyewe sasa hivi."

"Nakwambia sicho! Kimebadilishwa."

"Nani akibadilishe, na nyuzi ni zako?"

Mama aliutazama mkasi, akavitazama vitambaa vilivyolala sakafuni. Thuraya naye alijitahidi kusoma. Anazijua herufi za Kizungu tangu utotoni, lakini hizi zilimkataa, isipokuwa neno moja alilolipata baada ya kulifuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Maria," alisema. "Mama, imeandikwa Maria."

"Bibi Maryam?"

"Nadhani."

Bi Balqis aliweka mkono mdomoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mimi miaka yote hii nilikuwa nikimwomba nani?"

Thuraya alikifunika kitabu kwa kiganja. Kilichomjia akilini ni kile kitoto cha zamani, yeye, amelala na kitabu hiki kifuani.

Khelef, kaka yake Thuraya, alistaafu serikalini na anakaa nyumba ya pili. Aliitwa, akaja, akakitazama amesimama, mikono nyuma.

"Hiki kitabu cha kanisa," alisema. "Mama, astaghfirullah, hakikai humu."

"Mwanangu, kilikuwa cha bibi yangu."

"Bibi yako hakujua. Sasa sisi tunajua, khalas. Kirudi kwa wenyewe."

"Wenyewe nani?" Thuraya aliuliza.

Khelef alichukua viatu vyake mlangoni, akatoka.

Kesho yake Thuraya alirudi Nizwa na picha kwenye simu. Akamwonyesha Najla, rafiki yake anayekarabati vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono katika maktaba moja ya mjini. Najla alizikuza picha moja moja.

"Mimi kazi yangu ni vitabu vyetu," alisema. "Lakini vya namna hii nimefundishwa kidogo. Hiki ni cha Ulaya, miaka mia tano na zaidi. Ni kitabu cha sala za nyakati: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, mpaka usiku. Matajiri walikuwa wakiagizia chao, na mchoraji akimtia mwenye kitabu ndani. Huyu wa joho jekundu ndiye aliyetengenezewa. Bibi mkubwa wa watu."

Bibi Mazoon alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, na wote walikuwa wamemwelewa vibaya.

"Kimefikaje Unguja?" Thuraya aliuliza.

"Wallah sijui. Wareno? Mfanyabiashara? Zawadi? Nikikwambia nitakuwa nabuni."

Thuraya alimpigia mama yake simu ili amweleze. Mama alipokea akilia. Kitabu hakipo. Bi Balqis alikuwa ameamka kukitazama akakuta kabati tupu. Ameshakung'uta magodoro, ameshamhoji mtumishi, na sasa hajui kama aliwahi kuwa nacho au ameota. Thuraya aliendesha gari kutoka Nizwa hadi Ibra bila kusimama, akimpigia Khelef, na simu ya Khelef imezimwa.

Alimkuta mama yake barazani, kilemba kimemlegea, mikono juu ya mapaja kama mtu aliyekuja kutoa pole kwenye nyumba isiyo yake. Walikaa pamoja mpaka baada ya alasiri, ndipo gari la Khelef likaingia uani. Akashuka na mfuko wa dukani, akakitoa kitabu, akaketi chini mbele ya mama yake.

"Nisamehe," alisema. "Nimekipeleka Maskati, kanisani."

"Khelef!" Thuraya alisimama.

"Ngoja nikwambieni. Nimempata padri, Mhindi wa Kerala, mtu wa makamo. Nikamwambia, hiki chenu, chukueni. Akanawa mikono kwanza. Akakifungua, akafunua kurasa chache. Nikamwuliza, unakisoma? Akasema maneno machache tu, hii ni lugha ya kale ya kanisa lao, yeye mwenyewe husali kwa Kimalayalam, lugha ya kwao. Nikamwambia basi kichukue. Akakataa. Akasema, kwetu hakuna aliyekitunza hata siku moja, mama yako amekitunza maisha yake yote, nitakichukuaje? Kisha, kabla hajanirudishia, akakibusu." Khelef alijifuta uso. "Vile vile unavyokibusu wewe, mama. Nimesimama pale sijui niangalie wapi. Nimekwenda nikiwa najua kila kitu, nimerudi sijui kitu."

Bi Balqis alimwekea mkono kichwani. Kisha akauliza lile swali lake la mwanzo, safari hii kwa wote wawili: alikuwa akimwomba nani?

"Mungu, mama," Khelef alisema, na Thuraya alishangaa kuwa ni yeye aliyejibu. "Ulimtaja kwa jina lake. Hukulitaja jalada."

"Una hakika?"

"Kwa hilo, naam. Mengine usiniulize."

Hakikuweza kubaki kabatini. Wadudu walikuwa wameshafika pembe za kurasa, na Najla alisema kinahitaji baridi na mikono inayojua. Bi Balqis alikubali kwa sharti moja: akipeleke mwenyewe. Wiki iliyofuata Khelef aliwaendesha wote hadi Nizwa. Najla alikilaza juu ya mto mdogo, akafunua ukurasa wa yule mwanamke aliyepiga magoti. Bi Balqis aliinama karibu sana.

"Mbona uso wa Bibi Maryam, huyu wa joho la buluu, umefutika?"

"Ndivyo walivyokuwa wakifanya, shangazi. Mwenye kitabu alikuwa akimbusu hapo, kila siku, mpaka rangi ikatoka."

Bi Balqis alimtazama yule wa joho jekundu. "Jina lake nani?"

"Halikuandikwa. Labda lilikuwa kwenye ukurasa uliopotea."

"Alikuwa na watoto?"

"Hatujui."

"Alikuwa akiomba nini, basi?"

"Hilo ndilo hatutalijua kabisa."

"Maskini," Bi Balqis alisema. Akaanza kumsomea Fatiha, pale pale, viganja wazi. Halafu akasita katikati, akamgeukia mwanawe. "Inafaa kumsomea?"

Khelef alifikiri. "Sijui, mama. Mwombee heri tu."

Akamwombea heri, kwa Kiswahili, kwa maneno ya kawaida, kama anavyomwombea jirani aliyehama.

Njiani kurudi walisimama mji wa Sinaw. Khelef aliteremka akanunua chai ya maziwa na mikate ya jibini, wakala ndani ya gari, madirisha wazi, ngamia wa mtu wakipakiwa kwenye lori ng'ambo ya barabara. Mikono ya Bi Balqis ilikuwa inatafuta cha kushika, ikaishia kwenye kikombe.

"Mama, umeridhika?" Thuraya alimwuliza.

"Nimeridhika," alisema. "Lakini sijaelewa." Akanywa. "Na hii chai wameijaza sukari. Khelef, kawaambie waniongezee maji ya moto."