Maneno ya Kiti cha Nyuma

Ko. Ko-ko.

Sauti ilitangulia kila kitu: chuma juu ya kioo, pigo moja la pekee, kisha mawili yaliyofuatana. Dereva alikuwa amefumba macho nyuma ya usukani, lakini mkono wake haukungoja ruhusa. Uliruka wenyewe kwenda kwenye kitasa cha mlango, na kinywa kikatoa salamu yake ya miaka kumi na tisa: "Karibu, Mkuu."

Ndipo akakumbuka. Mlio ule ulikuwa na mwenyewe mmoja tu duniani, na mwenyewe walikuwa wamemzika wiki tatu zilizopita.

"Usishtuke, Mjomba. Ni mimi."

Alifumbua macho. Nje ya kioo alisimama binti wa marehemu, mtoto wake wa pekee, mwanamke mzima sasa mwenye mvi mbili tatu alizokataa kuzipaka rangi. Pete ya baba yake alikuwa ameivaa kwenye kidole gumba, akaizungushia uzi mweusi ili isimtoke. Dereva alishuka mbio, akamfungulia mlango wa nyuma kama alivyozoea. Binti aliutazama ule mlango uliokuwa wazi, akauzunguka, akaenda kukaa kiti cha mbele.

Kiti kile hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu gari linunuliwe. Dereva alirudi ndani, akajikunyata upande wake kama mgeni.

Walikuwa chini ya jengo la kampuni, kwenye maegesho ambayo taa zake sita zilikuwa zimebaki mbili. Kila siku tangu mazishi, dereva alifika hapo alfajiri, akalifuta gari lisilokwenda popote, akakaa ndani mpaka jioni. Wenzake walimtania kwamba ameajiriwa na viti. Aliwaacha watanie. Nyumbani alikuwa na chumba kimoja na redio iliyoshika idhaa moja. Mkewe alitangulia mwaka wa nane wa kazi hii, na watoto hawakujaliwa. Sauti ya binadamu aliyokuwa akiisikia kila siku ya Mungu ilikuwa ile ya kiti cha nyuma. Sasa nayo ilikuwa imezimwa, na leo saa sita mkuu wa usafirishaji angekuja kuchukua funguo, kwa kuwa mkurugenzi mpya wa fedha alikuwa anaanza Jumatatu.

"Umekiona hiki?" Binti alimwekea kijitabu juu ya dashibodi.

Dereva alikuwa amekiona. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Mkuu, kidevu juu, na chini yake herufi nene: MTU WA MANENO MACHACHE. Ndani walieleza alivyoanza kama karani wa malipo, akapanda ngazi moja moja bila kuruka hata moja, mpaka akawa mkurugenzi wa fedha. Walieleza ule mwaka ambao kampuni ilifika ukingoni, wakubwa wote wakataka nusu ya wafanyakazi wafukuzwe, naye akateremka uwanjani, akasimama juu ya kreti, akasema sentensi mbili tu: "Hakuna atakayeondoka. Nimeanza kwa kukata ujira wangu." Watu wazima walilia siku ile. Vijana wa uhasibu walimbandika jina, Mzee Mstari Mmoja, wakaanza kuiga usemi wake.

"Wamemwandika vizuri," dereva akasema.

"Vizuri kama tangazo la sabuni!" Binti alikifunga kijitabu. "Kesho, kwenye kumbukumbu yake, wananipandisha jukwaani, ukumbini huko juu, mbele ya watu mia tatu. Wao wana Mzee Mstari Mmoja wao. Mimi nina nani? Wenzangu waliitwa mwanangu, kipenzi, mama. Mimi niliitwa 'wewe'. 'Wewe, umekula?' 'Wewe, umefaulu?' Kama mtu anayeulizwa njia barabarani."

Dereva alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Na harusini kwangu, miaka kumi na moja iliyopita, ulikuwepo. Alisimama. Ukumbi mzima kimya. 'Nashukuru. Kuleni.' Akakaa! Maneno mawili, Mjomba. Mpiga picha alisema mengi kuliko baba yangu. Watu wakacheka: eti mtu wa fedha, hata ulimi ameuwekea bajeti. Na mimi nikacheka nao. Ningefanya nini?"

Dereva naye alitaka kucheka, akaishia kukifuta kioo kisichokuwa na vumbi.

"Mama angekuwa hai ningemuuliza yeye," binti akaendelea, sauti imeshuka. "Nimebaki na wewe. Humu umekaa naye kuliko nilivyokaa naye mimi nyumbani. Hakuwahi kunitaja? Nipe neno moja tu, kesho nitalisimamia. Ukiniambia hakuna, nitaamini hakuna. Nitawasomea hicho kijitabu chao, nishuke, nisimlilie tena."

Maneno machache! Laiti wangejua. Dereva aliyafahamu maneno ya mtu yule kama mkulima anavyofahamu mawe ya shamba lake.

Ilikuwa wiki ya tatu ya kazi aliposikia nyuma yake sauti ya ajabu, mmm, mmm, mmm, kama injini iliyolala baridini ikagoma kuwaka. Aliinua macho kwenye kioo cha ndani akakutana na macho ya Mkuu, mekundu, yamejaa aibu ya mtoto. Mtu yule mkubwa alikuwa na kigugumizi. "Ya humu yabaki humu," Mkuu alisema alipoweza kusema. "Yamebaki, Mkuu," dereva akajibu, na hawakulizungumza tena jambo lile maisha yao yote.

Tangu hapo kiti cha nyuma kikawa shule. Kila asubuhi Mkuu alifanya mazoezi ya siku nzima: hotuba ya bodi, pole ya msiba, mpaka utani wa kumwambia mlinzi getini. Alikuwa amegundua kwamba neno lililopimwa haligomi. Aligonga pete yake mlangoni mapigo manane, akavuta pumzi, akagonga mengine manane, na maneno yakapita juu ya mapigo yale kama watu wanaovuka mto juu ya mawe. Yale yaliyokataa kabisa, na mengi yalianza kwa midomo kufumbwa, aliyakimbia. Hakusema mapato, alisema tulichoingiza. Hakusema matumizi, alisema kilichotoka. Hakusema mshahara, alisema ujira. Huko juu walidhani ni hekima, kumbe ni mtu anayeruka madimbwi.

Na alipokwama, dereva, macho yake barabarani, alimnong'onea mwanzo wa neno. Mara moja tu, polepole, kama anayesukuma gari begani. Mkuu alilidaka, akaenda nalo. Hakushukuru, wala dereva hakungoja shukrani.

Sasa siri ile ilikuwa ndiyo mali yake yote. Wengine waligawana nyumba na viwanja. Yeye alirithi sauti. Wiki tatu amekaa humu akiisikiliza peke yake, na akajiambia kwamba huo ni uaminifu. Lakini alipoutazama ule uzi mweusi, mizunguko mingi, kazi ya mtu aliyekaa peke yake akilazimisha kitu cha baba yake kimtoshe, aliona haya. Kiapo kilikuwa ngao tu. Nyuma ya ngao kulikuwa na uchoyo: akilitoa neno hili, yeye atabaki na nini?

"Basi," binti akasema. Alikuwa amengoja vya kutosha. "Nimekuelewa." Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje.

"Nenda ukae nyuma," dereva akasema.

"Nini?"

"Kiti chake. Mbele siwezi kusema."

Binti alimtazama kama anayemtazama mgonjwa, kisha akaenda. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa ule mlio mnene aliouzoea. Dereva alirekebisha kioo mpaka akaona macho. Yalikuwa macho yale yale.

Akamwambia. Alimwambia injini iliyogoma, na pete, na mapigo manane, na mwanzo wa maneno aliokuwa akimnong'onea. Hakupamba. "Na neno lililomshinda kuliko yote ni hilo unalolidai," alisema. "Alilijaribu miaka na miaka. Alifika geti la nyumba yenu analo mdomoni, akashuka nalo, akaishia kukuita wewe."

Kwenye kioo, macho yaliteremka kwenye pete.

"Kabla ya harusi alifanya mazoezi wiki sita. Aliniamuru nizunguke mitaa ili apate kumaliza. Siku yenyewe nilisimama mlangoni mwa ukumbi. Akainuka. Nikaona pete inagonga meza, nanyi mkadhani anaita watu wanyamaze. Neno la kwanza likagoma. Akageuza macho akanitafuta. Mimi, binti. Alitaka nimpe mwanzo wake, kama humu. Nami nikaona suti, nikaona wakubwa. Nikajiuliza, dereva apaze sauti harusini? Nikaangalia viatu vyangu. Nilipoinua uso alikuwa amekwisha kusema kuleni."

"Miaka kumi na moja," binti akasema polepole. Kisha sauti ikapanda. "Miaka kumi na moja, Mjomba! Umekuja kwangu Jumapili ngapi? Umekunywa chai yangu! Ukaniona ninavyomlaumu, ukaongeza sukari!"

"Nimekuja nyingi."

"Ukakubali afe nisijue?"

"Amekufa hujui," dereva akasema. "Ndiyo maana nimekaa humu."

Binti alikuwa analia bila sauti, mkono kinywani, na dereva hakugeuka; alijua wenye damu ile hawapendi kutazamwa wanapokwama.

"Unayakumbuka?" aliuliza mwishowe. "Hayo ya wiki sita?"

Dereva aliweka ukucha wake juu ya usukani, akagonga mapigo manane. Hakuwahi kusema maneno ya Mkuu kwa sauti. Aliogopa yatatoka na harufu ya petroli. Yalitoka yalivyokuwa:

"Mwanangu, nimekuona. Ulipojifunza kwenda mimi sikuwa nyumbani; nilisikia kwa simu, mama yako akicheka. Nyuma ya mlango wako nikasimama kitambo, nikasikia wasoma, nikaogopa kubisha. Leo unapoondoka, watu wasema natoa. Sitoi. Bado ni wangu. Neno hilo la mwanangu lilinikaa kooni, si kwa kukosa mapenzi, ni kwa mlango mwembamba."

Alipofika kati alisikia kitu nyuma yake. Ko. Ko. Ko. Pete ilikuwa inagonga mlango, taratibu, mapigo yameanguka mahali pake hasa. Hakuna aliyemfundisha.

"Mzee!" Mtu aliita kutoka upande wa ngazi. Alikuwa mkuu wa usafirishaji, ameshika orodha yake. "Saa sita hii! Lete funguo, gari linaoshwa!"

"Ngoja!" dereva akafoka, na sauti yake ikagonga kuta za maegesho, ikarudi. Mkuu wa usafirishaji alisimama alipokuwa, mdomo wazi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyejua kwamba yule mzee ana sauti.

Binti alipangusa uso kwa kijitabu cha kampuni, picha na yote. "Kesho nitayasema haya," alisema. "Yote, na kigugumizi chake. Kama watacheka, wacheke na mimi nikiwepo." Kisha sauti yake ikawa ya msichana mdogo. "Lakini lile la kwanza, Mjomba. Nalijaribu hapa moyoni, halitoki. Nitasimama pale nikwame kama yeye."

Dereva alichomoa funguo. Akazishika kiganjani mpaka zikapata joto lake, kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya hata siku moja ndani ya gari lile: aliacha kioo, akageuza mwili mzima, akaangalia kiti cha nyuma uso kwa uso.

"Nitasimama mlangoni, kama siku ile. Ukikwama, nitafute. Nakuahidi, binti, safari hii sitaangalia viatu. Nitalisema neno hilo kwa sauti, wakubwa wote wakinisikia, na nitalisema tena na tena mpaka ulidake."