Karanga za Odeta

Adelfina hakuchukia wageni, ila alipenda kuwajua kwanza, na kumjua mtu kwa Adelfina huchukua miaka. Odeta alikuwa na wiki chache tu. Alikuja Murukulazo kwa bodaboda kutoka Ngara mjini, binti wa Kirundi aliyezaliwa hukuhuku baada ya wazazi wake kukimbia vita. Kazi yake, alivyosema, ilikuwa kumfundisha Ntwari kuomba.

Ntwari ni mjukuu wa Adelfina. Alikuwa anakaribia miaka sita na hajatamka neno. Akitaka kitu alipiga kelele mpaka mtu akisie. Mama yake, Priscila, mwalimu kule Nyarubungo, ndiye aliyemtafuta Odeta, akamwachia bibi shughuli nzima.

Shughuli yenyewe ilimkera bibi tangu mwanzo. Odeta aliketi mkekani na kikopo cha karanga za kukaanga. Mtoto akimtazama, karanga moja. Akinyoosha kidole, karanga moja papo hapo, na sifa juu. Akipiga kelele za kudai, Odeta aligeuzia uso migombani kama hasikii. Mtoto wa watu anagawiwa punje punje, kama kuku anayevutwa bandani.

Tena Odeta hakuonja. Hapo ndipo shaka ilipoota mizizi. Kwa Wahangaza, watu wa Adelfina, na kwa Warundi vilevile, anayekupa chakula au kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu ndani.

"Binti, kwenu siku hizi hamuonji?"

"Nisamehe, mama." Odeta akatia karanga mbili kinywani, akatafuna, akameza. "Kituoni nilikosomea kazi hii tumefundishwa tusile cha mtoto. Nikasahau mila."

Jibu zuri mno, Adelfina aliwaza. Aliyekwisha kunywa kinga anaweza kumeza hata sumu. Ukishaamua kumshuku mtu, hata akikohoa utapata ushahidi.

Na ushahidi ulikuja. Kelele za Ntwari zilizidi. Zamani alilia kidogo akachoka. Sasa Odeta akiondoka tu, mtoto alijitupa chini na kupiga mayowe mpaka jirani yao, Ernesta, anakuja kuchungulia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Adelfina alikuwa na karanga zake kwenye fundo la kitenge, akampa kiganja kizima anyamaze, naye akanyamaza. Siku nyingine alijikaza, kisha moyo ukamshinda, akampa. Alimpigia simu Priscila.

"Huyo mwanamke wako anamharibu mtoto. Kuna kitu anamtia."

Priscila alijibu, "Mama, akiondoka huyo sina mwingine. Lakini wewe ndiye unayekaa na mtoto. Ukisema aache, ataacha."

Adelfina alitaka kumkamata kwanza. Odeta alipokuja tena, alisingizia kwenda kisimani, akazunguka, akajibanza nyuma ya migomba. Hakuona hirizi wala hakusikia mnong'ono. Ntwari alikuwa ametulia. Alishika mkono wa Odeta, akautazama mdomo wake, akasema, "Ka."

Karanga ikaja papo hapo.

Adelfina alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mjukuu wake isipokuwa katika kelele. Akatoka migombani machozi yakimtiririka, bila kujali kuonekana.

Ntwari alipomwona tu, akajitupa chini na kupiga yowe. Macho yake yalikuwa makavu, na yalitazama fundo la kitenge.

Odeta naye akalitazama. "Ana maumivu, mama?"

"Hapana."

"Unampa akilia?"

"Si kila mara."

"Hiyo ya si kila mara ndiyo inayomfundisha asikate tamaa." Hakusema kwa dharau. "Akiumia, mbebe. Akidai kwa kelele, ngoja. Atazidisha kwanza, kisha ataacha. Ila usishindwe katikati."

Aibu ilimshika Adelfina. Wiki zote hizo alikuwa akiwinda mchawi, kumbe mwalimu wa kelele ni yeye.

Odeta alipoondoka, yowe likaanza. Adelfina aliketi karibu na mtoto, akageuzia uso migombani. Ernesta akaja.

"Adelfina, unamfanya nini mtoto?" Alimtazama kwa jicho lilelile ambalo Adelfina alikuwa akimtazamia Odeta.

"Keti. Usimtazame. Tazama migomba."

Ernesta aliketi, lakini kwa mbali, kama anayeketi na mtu wa kuchungwa. Yowe likapanda. Adelfina alilia naye kimyakimya, vidole vimeng'ang'ania fundo. Alitamani kulifungua kuliko alivyowahi kutamani kitu. Hakulifungua.

Kelele zikakatika. Mkono mdogo ukamshika. Aligeuka kwa hofu, akakuta mtoto anautazama mdomo wake.

"Ka," Ntwari alisema.

Adelfina alilivuta fundo kwa pupa, likazidi kukaza.

"Ernesta, nifungulie upesi," alisema. "Ameomba."