Mstari Chini ya Picha ya Mama

Kando ya ngazi za ukumbi mkuu, chuo kilikuwa kimetundika watu wake mashuhuri: mchungaji aliyeanzisha darasa la kwanza, jaji, mtunzi wa nyimbo za kwaya, na waziri mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka alikuwa wa wizara gani. Katikati yao, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulifika kwanza, alitazama Mama Kanuni.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alikuwa mlezi wa wasichana maisha yake yote ya kazi, na hapakuwa na binti aliyepita pale asiyejua mlio wa viatu vyake kwenye korido. Chini ya picha palikuwa na kibao cha shaba: "Mlezi wa mabinti. Hakumpendelea yeyote, hata mwanawe wa kumzaa."

Huyo mwanawe wa kumzaa alikuwa amesimama mbele ya kibao, mkoba begani, anakisoma upya ili kuhakikisha kwamba hasira yake haikutokana na kusoma vibaya. Alikuwa daktari wa upasuaji wa watoto, na sifa zake zilikuwa zimefika mbali kuliko za jaji na waziri wakiunganishwa. Nafasi tupu kando ya picha ya mama ilikuwa yake. Msumari ulishapigiliwa.

"Unaonaje, Daktari?" aliuliza Mkuu wa Chuo, mchungaji mnene mwenye sauti ya asali. "Mama na mwana, bega kwa bega! Wageni wa kitivo kipya cha tiba watafurahi."

"Mwana yupi? Wa kwenye kibao au wa kwenye msumari?"

Mkuu alicheka peke yake. "Ni maneno ya sifa tu, dada yangu."

"Sifa za nani? Mimi hapo ndimi jiwe la kumnolea ili aonekane mkali. Ondoeni mstari huo nami nitakubali picha. Ukibaki, picha yangu msiitundike."

"Mstari ameuandika mama mwenyewe," alisema Mkuu, akipunguza asali. "Hakuna mtu hapa wa kumfutia Mama Kanuni neno. Hata mimi, nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, alinifunga kamba za viatu mbele ya darasa zima. Na kuna jambo jingine. Ukuta huu ni wa washirika wa kanisa. Wewe bado… tuseme, kwenye vitabu, hujarudishwa."

Daktari hakuhitaji kuelezwa. Kwa Wabatisti wa chuo kile hapakuwa na askofu wa kukata shauri. Mtu aliingia kundini kwa kuzamishwa majini, na alitengwa kwa hoja: mmoja anaitoa, mwingine anaiunga mkono, washirika wanainua mikono. Yeye alitengwa akiwa mwaka wa tatu, tumbo lilipoanza kuonekana, na aliyetengwa kanisani alifungasha pia bwenini. Tumbo lile sasa lilikuwa mwanamume mwenye ndevu anayejenga madaraja. Aliyetoa hoja siku ile alikuwa mama yake. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mama yake.

"Kwa desturi yetu," aliendelea Mkuu, "aliyetoa hoja ya kumtenga mtu ndiye anayetoa hoja ya kumrudisha. Mkutano wa washirika ni kesho. Nenda kwa mama. Mzungumze."

Akaenda. Nyumba ilikuwa ileile, sebule ileile, vitambaa vya kufuma vimenyooshwa juu ya viti kana kwamba navyo vinaogopa kukemewa. Mama Kanuni alikuwa ameketi wima, fimbo ya kutembelea imelala mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Nimekuja kwa ajili ya kibao."

"Nilijua hukuja kunijulia hali. Kina kosa gani? Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tumemaliza. Chai iko jikoni, ujimiminie. Mimi sina mtumishi."

"Mama, si kila kweli hupigiliwa ukutani. Watu watapanda ngazi zile wakisoma aibu yangu kama fahari yako."

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi sikuchelea. Kama nisingekutoa, ningewatoaje mabinti wa watu?"

"Ungeweza kuacha mwingine atoe hoja."

"Nani? Yule shemasi aliyekuwa akikuonea huruma mpaka mkewe akaingiwa na wivu?" Mama aligonga fimbo chini. "Ukitaka picha yako ipande, njia iko wazi. Uombe msamaha. Useme hapa, kesho nitasimama nitoe hoja."

"Niombe msamaha kwa kumzaa mjukuu wako?"

"Usinigeuzie maneno. Unajua nasema nini."

"Na mstari?"

"Mstari unakaa."

"Basi na msamaha unakaa."

"Kiburi hicho umekitoa wapi?"

"Huku huku, Mama. Chuoni sikukaa muda wa kutosha kukisomea."

Mama alitazama dirishani. Taya lake lilitembea kidogo, kama la mtu anayetafuna kitu kisicholainika. Daktari alijimiminia chai, akainywa akiwa amesimama, akaosha kikombe, akaondoka. Hawakuagana.

Siku iliyofuata ukumbi ulijaa. Mkuu wa Chuo aliongoza mkutano, mashemasi wakiwa wamepangana mbele kwa suti zinazofanana. Daktari aliketi benchi la nyuma, mahali pa wasio washirika. Mkuu alikuwa amemwahidi nafasi ya kusema, naye alikuwa ameandaa maneno machache: kwamba anashukuru, kwamba kwa kibao kile hakubali picha yake itundikwe, basi.

Kabla hajaitwa, mama yake alisimama. Alishika mgongo wa benchi la mbele mpaka ukumbi ukanyamaza wenyewe.

"Ndugu washirika, natoa hoja mwanangu arudishwe kundini. Jana alikuja nyumbani kwangu. Ameomba msamaha, nami nimeupokea."

"Amina!" alisema Mkuu haraka, kabla ya mtu mwingine kupumua. "Anayeunga mkono? Tumekuona, shemasi. Wanaokubali, tuinue mikono."

Mikono ilianza kupanda. Daktari aliitazama ikipanda, na akaelewa hesabu yote kwa mpigo mmoja. Akinyamaza, atarudishwa. Atatundikwa kando ya mama, na kibao kitabaki pale na kweli yake, na juu ya hayo yote atakuwa ametubu kwa kinywa cha mtu mwingine. Katika kazi yake alikuwa amewaambia wazazi mambo mazito kuliko haya, wamesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji wakimsihi kwa macho awadanganye. Hakuwahi kuwadanganya.

Alisimama. "Sikuomba msamaha."

Mikono ilibaki hewani, haijui iende juu au ishuke.

"Dada yangu," alisema Mkuu, "pengine mama amelielewa kwa moyo—"

"Nilikunywa chai, nikaosha kikombe. Msamaha sikuomba."

Mwanamke mmoja mbele alisonya. "Mtu gani anamuumbua mama yake mbele za watu?"

"Aliyefundishwa na mama huyo huyo," mwingine alimjibu chinichini, na mtu akacheka akajifanya anakohoa.

Mama Kanuni hakuwa ameketi. Aligeuka polepole mpaka akamwona binti yake. Uso wake haukuwa wa kuomba, ulikuwa uso wa kusahihisha mtihani.

"Ni kweli," alisema. "Hakuomba. Nimesema uongo mbele ya kanisa." Kisha akawageukia mashemasi. "Haya. Nani anatoa hoja?"

"Hoja ya nini, Mama?" aliuliza Mkuu.

"Ya kunitenga. Kanuni mnaijua. Nimewafundisha wengi wenu, na baadhi yenu niliwafundisha zaidi ya mara moja kwa sababu ya vichwa vyenu."

Shemasi mmoja alichunguza kucha zake.

"Mama, ni umri tu," alisema Mkuu kwa upole. "Tusamehe, tuimbe wimbo wa—"

"Umri haujasema kitu. Nimesema mimi. Na wewe usiniimbie, huna sauti." Alisubiri. Aliikandamiza fimbo yake sakafuni kwa mikono miwili. "Mnanipendelea, basi. Sawa, ni aibu yenu. Lakini kile kibao kitoke leo. Kinasema sikumpendelea hata mwanangu. Nimempendelea sasa hivi, mmeona wote. Fundi, nenda na bisibisi yako."

Fundi wa chuo alimtazama Mkuu. Mkuu alitazama dari. Fundi akaenda.

Daktari alikuwa bado amesimama. Alichokijia alikuwa amekipata, na hakujua akishike kwa mkono gani. "Mama," alianza.

"Wewe kaa kimya. Hoja ya kukurudisha imekufa, umeiua mwenyewe. Sasa mkutano unaendelea na shauri la nidhamu ya mshirika. Kwa kanuni, asiye mshirika anatoka nje."

"Mama, yatosha. Twende nyumbani, nitakupeleka."

"Nimesema asiye mshirika anatoka."

Kila mtu alimgeukia. Daktari alichukua mkoba wake, akapita katikati ya mabenchi bila kumtazama yeyote, na mlinda mlango akafunga nyuma yake, kwa adabu, kwa komeo.

Kwenye ngazi, fundi alikuwa ameshang'oa skrubu na anasugua alama ya gundi kwa kitambaa. "Na hii ya kwako, Daktari?" aliuliza, akionyesha fremu iliyoegemezwa ukutani. "Niitundike?"

"Hapana. Hawajanirudisha."

Alikaa kwenye kidato cha ngazi. Kupitia mlango alisikia sauti ya mama yake, kavu, isiyopanda wala kushuka. "Bado nasubiri hoja." Kisha tena: "Hakuna hata mmoja?"

Ndani mle hapakuwa na mtu wa kumshtaki wala wa kumtetea. Daktari alizijua hoja zote mbili kwa moyo, na angeweza kuzitoa bila kupumzika. Alisimama, akauendea mlango, akagonga.

"Nani?" aliuliza mlinda mlango.

"Mimi."

"Mshirika?"

Aligonga tena. Komeo halikusogea.