Vichwa Tisa vya Kinyozi Zayd

Jumapili alasiri kinyozi Zayd alifunga duka lake la Al Baraha, Dubai, mapema, akawaacha Gerishom na Gibson wamalize ubao wake sakafuni. Ulikuwa ubao mpana wenye vichwa tisa vya wanaume, kila kimoja na mkato wake wa nywele, ili mteja asiyejua la kusema anyooshe kidole tu. Gerishom alikuwa ameshachora mistari yote, mataya, masikio na mapanki. Gibson alikuwa anajaza rangi, ncha ya ulimi nje, kama alivyozoea tangu darasa la tatu.

Darasa hilo lilikuwa Luanda, kule Vihiga, Kenya, na walikaa dawati moja. Gerishom alikuwa na penseli, Gibson alikuwa na rangi alizoletewa na mjomba wake, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwazima mwenzake, waligawana kazi. Ugomvi uliisha siku ileile, mgawo ukabaki mpaka uzee huu wa miaka thelathini na kitu. Gerishom hagusi rangi. Gibson hachori, isipokuwa macho. Macho huyaweka mwisho, na hapo Gerishom hutolewa nje, maana Gibson hataki kuangaliwa. Kule nyumbani walipamba bucha na saluni za soko zima. Ng'ombe wa kwenye bucha alikuwa akigeuza shingo kila walipopita, na mwenye bucha hakuona ubaya wowote, alisema mnyama ana adabu.

"Umemaliza?" Gerishom aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado mmoja. Kaa hukohuko, buda."

Ubao ulipotundikwa juu ya vioo, vichwa vyote tisa vilimgeukia Gerishom, ila macho yakaenda kombo kidogo, yakamtazama Gibson. Zayd alisema wametoka vizuri, akawamiminia chai.

Kitu kimoja tu hakikuwekwa. Nyumbani wangeandika "G&G Arts" na namba ya simu kwenye pembe ya chini, kama afanyavyo kila mchora mabango. Lakini hapa Gerishom aliletwa awe mlinzi, na Gibson aliletwa na kampuni ya kupaka rangi majengo na kusafisha, akapewa kitanda katika kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah. Kazi ya pembeni ikijulikana ingewarudisha nyumbani kwa ndege ya kwanza. Gibson aliipaka ile pembe samawati, akaiacha tupu. Iliwauma wote wawili, na Gerishom alisema wazi kwamba imemuuma. Walikuwa hawajawahi kuacha kazi bila jina.

"Siku tukipata karatasi za usanii tutarudi tuandike," alisema Gibson.

"Inshallah," alisema Zayd.

Mwezi uliofuata msanii mmoja mwenye jina, Thamer, aliingia kunyolewa, akaupenda ubao. Aliuomba. Zayd alidhani unaazimwa ili vijana wake watukuzwe, akamsaidia kuubeba hadi garini kwa moyo mkunjufu. Na haikupita muda, kampuni ya ulinzi ikamhamishia Gerishom kwenye jumba la sanaa huko Al Quoz. Asubuhi ya kwanza alikuta vichwa vyake tisa kwenye ukuta mweupe, vimewekewa taa. Kwenye pembe ya samawati paliandikwa Thamer.

Gerishom alilisoma jina hilo mpaka macho yakamwasha. Kisha akaenda kusimama mlangoni, kwa sababu ndiko alikopangiwa.

Mlango ulikuwa pembeni kabisa, kulia kwa ubao. Vichwa tisa vilimgeukia, hivyo waliokuja kutazama walikuta masikio na visogo. Macho nayo yalikuwa yameelekea kule Gibson alikokuwa anapaka rangi siku hiyo, na kwa kuwa kampuni ilimpeleka jengo hili leo na lile kesho, kuna siku yalipinduka nyuma yakabaki meupe matupu. Mgeni mmoja alilalamika kwamba katoka hotelini kuja kutazama masikio. Thamer alikuja akabadilisha taa. Akahamisha ubao ukuta wa pili. Vichwa viligeukia mlangoni vilevile.

Msimamizi wa jumba alikuwa Rawan, aliyezaliwa Deira na kulelewa na bibi yake wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi huyo. Alimtuma Gerishom kwenye maegesho, akavitazama vichwa vikimfuata kupitia ukuta. Akamtuma jikoni. Alipomrudisha hakuwa na haja ya kuuliza sana.

"Kaka Gerishom, hawa wanakujua?"

"Ndiyo, madam. Ni mimi niliwachora. Rangi na macho ni ya rafiki yangu Gibson."

"Naye yuko wapi?"

"Site, madam. Angalia tu macho, yanakuonyesha."

Rawan akaangalia macho, akafungua ramani kwenye simu, akatafuta jengo alilotajiwa, akaitikia kwa kichwa. "Nakuamini," alisema.

Gerishom hakuwahi kumwomba bosi yeyote kitu tangu aingie nchi hii. Alivua kofia. "Basi, madam, jina letu liandikwe. Hata kwa herufi ndogo. Thamer abaki, sisi tuwe chini yake."

Rawan hakutaka kumdanganya. "Nikiandika, nitakuwa nimeandika kwamba mlinzi na mpakaji rangi wamefanya kazi wasiyoletewa. Watakaorudishwa ni nyinyi, si Thamer. Na jina lake limeshachapwa kila mahali. Naona haya kukwambia, lakini ndivyo ilivyo." Halafu akauliza, "Huyo Gibson anaweza kupiga deki?"

Gibson aliombwa kwa jina kutoka kampuni yake, na kampuni haikujali anashika brashi au fagio. Alifika Jumatatu na sare ya kijivu na ndoo ya magurudumu. Alisimama mbele ya ubao, akalisoma jina kwenye pembe. Gerishom alimwekea mkono begani.

"Huyu wa panki," Gibson alisema mwishowe, "ulimpa sikio kama sahani."

"Sikio lilikuwa sawa. Rangi yako ndiyo imevimba."

Walicheka mpaka Rawan akakohoa ofisini. Tangu waje Dubai walikuwa wakionana siku za mapumziko tu, na si zote. Sasa wangekuwa pamoja kutwa, wakibishana kama zamani. Gerishom alifurahi sana, akajionea aibu kwa kufurahi, akaendelea kufurahi.

Sakafuni zilibandikwa alama mbili za utepe, moja ya mlinzi, moja ya deki. Wakisimama hapo, nyuso zilitazama mbele na macho yakatulia. Thamer alikuja kuwashukuru, akawapa mkono kwa heshima zote, akawaomba wasichukue likizo kwa pamoja.

Wageni walizidi. Siku moja mama mmoja mtalii aliwaomba kwa upole watoke kwenye picha yake. Walisogea kando pamoja, na vichwa vikasogea nao, simu ikabaki na visogo. Mama akangoja. Kisha akawaomba warudi kwenye alama zao, ila wajikunje kidogo wasimzibe. Gibson akachuchumaa na deki yake, Gerishom akachuchumaa kando yake, kofia mkononi, na wanaume tisa wakainamisha nyuso kuwatazama.

"Lovely," alisema yule mama, akapiga. Akalisoma jina la Thamer kwa sauti apate kulikumbuka, akaenda chumba cha pili.

Gerishom alitangulia kusimama, kisha akamshika mwenzake mkono, akamwinua.